Jinsi ya Kufunga Mzigo wa Kambi kwenye Keria ya Pikipiki, kutoka Nakuru hadi Msitu wa Kakamega

Katika mizigo yote niliyoona ikianguka kutoka kwenye pikipiki, mmoja tu uliangushwa na kamba iliyokatika. Mingine yote ilianguka kamba zikiwa nzima kabisa, kwa sababu kilichokuwa chini ya kamba kilikuwa kimepungua: hema lililokunjwa kwa haraka lilishuka baada ya matuta machache, mfuko wa kulalia ulitoa hewa, mkate ulibonyea, na kamba iliyokazwa barabara asubuhi ikabaki inaning'inia kama ya kuanikia nguo. Kwa hiyo mwongozo huu utazungumzia ufungaji, lakini utazungumzia pia kwa kirefu namna ya kuutayarisha mzigo kabla haujafungwa, maana hapo ndipo wengi wetu hukosea.

Nitachukua mfano wa safari moja ninayoijua vizuri, yaani kutoka Nakuru kupitia Mau Summit, Kericho, Ahero na Kisumu, kisha kupanda hadi Khayega na kukata kulia kuelekea Shinyalu mpaka Isecheno, ndani ya Msitu wa Kakamega. Ni zaidi ya kilomita 220, na ndani yake mna kila kitu kinachoweza kuujaribu mzigo: upepo wa malori makubwa kabla ya Mau Summit, mvua ya Kericho, joto la uwanda wa Kano, mwinuko wa Kiboswa, na mwishoni barabara nyembamba inayoingia msituni. Pikipiki ninayoiwazia ni ile ya kawaida ya injini ya sisi (cc) 100 hadi 150, ya aina zinazotumiwa na wahudumu wa bodaboda.

Anza na keria yenyewe

Keria zinazotoka dukani na pikipiki hutofautiana sana na zile zinazochomelewa na mafundi wa jua kali. Nyingi za dukani ni nyepesi na hukusudiwa kubeba kilo chache tu, na mara nyingine kiwango hicho kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki au kwenye kibandiko kidogo juu ya keria yenyewe. Ukikiona kiwango hicho, kiheshimu. Keria ya fundi hustahimili zaidi, lakini uimara wake unategemea mkono wa mchomeleaji, kwa hiyo ikague kwa macho na kwa vidole. Pitisha kidole kwenye kila kiungo kilichochomelewa, na ukiona mstari mwembamba wa kutu unaotoka kwenye kiungo cha chuma kilichopakwa rangi, hiyo ni dalili ya ufa ulioanza kupumua. Usikisafirie.

Kisha kaza bolti zote zinazoishika keria kwenye chesisi. Bolti hizi hulegea zenyewe kwa mtetemo wa injini, na mwenye pikipiki huwa hazikumbuki mpaka keria ianze kulia. Nati zenye nailoni ndani hazilegei kwa urahisi, nazo hazina bei kubwa. Ukiweza, badilisha nati za kawaida kabla ya safari. Mwisho, tafuta kona kali na vipande vya chuma vilivyoachwa na mchomeleaji, uvisugue kwa tupa, halafu uzungushie vipande vya blada, yaani mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, mahali ambapo mikanda itapita. Mkanda unaosuguana na kona kali kwa saa tano hukatika taratibu, nyuzi moja moja, bila kumjulisha mtu.

Pima, kisha punguza

Weka vitu vyote sakafuni na uvipime. Asiye na mizani nyumbani anaweza kumwomba mwenye duka la nafaka, ambaye kwa kawaida hakatai. Hema la watu wawili, mfuko wa kulalia, godoro jembamba la sponji, sufuria moja, jiko dogo, taa, nguo na chakula cha siku mbili vinaweza kukaa chini ya kilo 20 iwapo mtu hatajidanganya. Kitu kinachowashinda wengi ni mtungi wa gesi wa kilo 6. Kilo hizo 6 ni za gesi peke yake; ukiongeza chuma cha mtungi na kichwa cha jiko, unabeba zaidi ya mara mbili ya hizo, tena kwa umbo la duara linalopenda kubingirika. Kwa mtu mmoja au wawili, jiko dogo la kopo la gesi linatosha. Ikiwa ni lazima mtungi uende, usimame wima, valvu ikiwa juu na imefunikwa kwa kifuniko chake, mbali na ekzosi, nao ufungwe peke yake na siyo kwa kuegemezwa kwenye vitu vingine.

Uzito una hesabu yake, na inafaa kuifahamu. Tuseme umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni sentimita 130, nawe umeweka kilo 20 sentimita 40 nyuma ya ekseli ya nyuma. Gurudumu la nyuma halitabeba kilo 20 bali takriban kilo 26, kwa sababu mzigo huo utakuwa umelinyanyua gurudumu la mbele kwa kilo 6 hivi. Ndiyo maana usukani huwa mwepesi na kuanza kuchezacheza mtu anapoweka vitu vizito kwenye ncha ya keria. Mzigo uleule ukisogezwa mbele mpaka juu ya ekseli hauinyanyui mbele hata kidogo. Anayesafiri peke yake ana bahati, kwani anaweza kutumia nusu ya nyuma ya kiti kama sehemu ya keria, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia bora kuliko zote. Hema na abiria pamoja kwenye pikipiki ndogo ni jambo ninalolikwepa.

Pakia mpaka mzigo uwe mgumu

Hatua hii ndiyo inayoamua yote yanayofuata. Mzigo unaofaa kufungwa ni ule ambao ukiupiga kwa kiganja unatoa sauti ya gunia la mahindi, siyo ya mto wa kulalia. Mfuko wa kulalia usiukunje kwa mpangilio mzuri. Usukume ndani ya begi lake kwa ngumi, kidogo kidogo, ukitoa hewa kila mara. Hema likunjwe pana sawa na urefu wa fito zake, lipigwe magoti ili hewa itoke, kisha liviringishwe fito zikiwa katikati. Vigingi viwekwe kwenye kimfuko chao cha kitambaa kigumu, kwa sababu kigingi kilicholegea hutoboa hema kutoka ndani.

Vitu laini na vitu vigumu visichanganywe ovyo. Sufuria ijazwe nguo au unga ili isibonyee wala kugongagonga. Chakula kinachobonyea, kama mkate na nyanya, kikae kwenye begi la mgongoni au juu kabisa chini ya wavu wa mpira, na kamwe kisiwe kiungo kati ya mkanda na mzigo mkubwa. Mkate ukibonyea, mkanda umelegea.

Kuhusu mvua, mpakiaji wa zamani angefunga kila kitu kwenye mifuko ya plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo ya kubebea kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi katika mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa. Hivyo basi tumia begi lisilopitisha maji linaloviringishwa mdomo, au kipande cha turubai kinachotosha kuuzungusha mzigo wote mara moja na nusu, mdomo wake ukielekea nyuma ili upepo usiingize mvua. Maji yabebe kwenye kibuyu cha chuma au kidumu kidogo kinachorudiwa kujazwa.

Panga kwa uzito, siyo kwa ukubwa

Vitu vizito vikae chini na mbele, vyepesi juu na nyuma. Ukiwa na mifuko miwili ya ubavuni, iliyotengenezwa kama mashogi ya punda, weka humo sufuria, vyakula vya kopo na vifaa vya chuma, na uhakikishe pande zote mbili zina uzito unaokaribiana. Tofauti ya kilo moja haina neno, ya kilo nne utaihisi kwenye kila kona. Kumbuka kwamba kwenye pikipiki nyingi ekzosi iko kulia na cheni iko kushoto. Kulia hofu yako ni moto, kushoto hofu yako ni kumezwa. Kitambaa cha mfuko wa kulalia kwa kawaida ni cha nyuzi za viwandani, nacho huyeyuka kabla mwenyewe hajasikia harufu, kwa hiyo acha upana wa kiganja kamili kati ya begi na ekzosi, ukipima wakati umeikalia pikipiki na shoki zimeshuka.

Upana wa mzigo usizidi upana wa usukani, na usizibe taa ya nyuma, indiketa wala namba ya pikipiki. Askari wa trafiki atakusimamisha kwa hilo, na dereva wa lori aliye nyuma yako usiku hatapata hata nafasi ya kukusimamisha.

Kamba, blada au mkanda?

Kwa miaka mingi nilifunga kwa kamba ya katani, nikiamini kwamba kilichomfaa babu kitanifaa. Niliacha siku moja nilipotoka Londiani mvua ikinyesha, nikapita Kericho nimelowa hadi mifupani, kamba zikiwa zimekaza mpaka naweza kuzipiga kama zeze. Katani ikilowa hunywea, na mimi nikaliona hilo kuwa ni baraka. Nikateremka kupitia Awasi, jua likawaka, na kabla ya kufika Ahero kamba ilikuwa imekauka na kurudi urefu wake, ilhali hema chini yake lilikuwa limeshabanwa na kupungua. Sikusikia kitu. Mwendesha bodaboda mmoja alinipita akipiga honi, akanipungia mkono nisimame, kisha akaonyesha nyuma. Hema langu lilikuwa limekaa katikati ya barabara, na ng'ombe wawili walikuwa wakilinusa.

Yule kijana alirudi nalo, akaiangalia kamba yangu na kusema, "Mzee, hii ni ya kufungia mbuzi." Akafungua blada mbili kutoka kwenye keria yake, akanifundisha pale pale kando ya barabara, na akakataa kulipwa zaidi ya bei ya blada zenyewe.

Blada ya kufungia, iliyokatwa vipande virefu, ina sifa moja ambayo kamba haina: hufuata mzigo unapopungua. Ikivutwa vizuri, mzigo ukishuka kidogo yenyewe hujikunja kuufuata na kuendelea kubana. Udhaifu wake ni kwamba huo mvutano unaruhusu pia mzigo kuyumba, na jua huipasua. Ivute mbele ya macho yako kabla ya safari. Ukiona nyufa ndogo ndogo kama za tope lililokauka, itupe. Mkanda wa nailoni au poliesta wenye kifungo cha kubana ni kinyume chake: hauyumbi, lakini haufuati mzigo unaopungua. Kwa hiyo mimi hutumia vyote viwili, mikanda kwa kushika na blada kwa kufuata. Kati ya mikanda, ya poliesta ni bora kuliko ya nailoni kwa nchi ya mvua, kwa kuwa nailoni hurefuka inapolowa. Mkanda wa racheti, yaani ule unaokazwa kwa wenzo wenye meno, una nguvu kupita kiasi kwa kazi hii. Ni rahisi kupinda keria au kuvunja fito za hema ukidhani unakaza tu.

Kamba za elastiki zenye ndoano za chuma sizipendekezi. Ndoano huchomoka gurudumu linaporuka, na inapoponyoka mkononi wakati wa kuvuta huelekea usoni. Ukilazimika kuzitumia, geuza uso pembeni unapovuta, na midomo ya ndoano itazame nje, mbali na mzigo.

Kufunga, hatua kwa hatua

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali tambarare, ekzosi ikiwa imepoa. Kabla ya kuweka mzigo wowote, tandaza mikanda miwili chini. Kila mkanda upitishwe kwenye chuma cha keria, kisha ncha yake ipite ndani ya kitanzi chake yenyewe na kuvutwa, ili ushike chuma bila ndoano yoyote. Chagua sehemu iliyo karibu na kiungo kilichochomelewa, kwa sababu mkanda ulio katikati ya chuma kirefu huteleza polepole.

Mahali pa kushikia pana kanuni moja ambayo haifai kuvunjwa: shikilia kwenye chesisi au keria peke yake. Indiketa, plastiki ya kiti na ekzosi hazifai kwa sababu zinazojulikana. Kosa lisiloonekana kwa wepesi ni kufungia mkanda kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Mkono huo hupanda na kushuka pamoja na shoki. Kila unapopita shimo mkanda hulegea ghafla na kukaza ghafla, na baada ya kilomita kumi mzigo umejifungua wenyewe.

Sasa weka begi kubwa kwa upana, kiubavu, ulisukume mbele mpaka liguse mahali mgongo wako utakapokuwa. Juu yake weka hema. Funga mkanda wa mbele kwa nusu ya nguvu, kisha wa nyuma kwa nusu ya nguvu, kisha rudia wa mbele. Ukikaza mmoja hadi mwisho kabla ya mwingine, mzigo huinama na hautanyooka tena. Kanda mzigo kwa goti kati ya kukaza na kukaza, kwa kuwa goti lako linafanya kazi ambayo vinginevyo ingefanywa na matuta ya Salgaa. Mkanda unaopita hewani bila kugusa mzigo usokote mara moja. Mkanda bapa hutetema kwenye upepo, huvuma, na huo mtetemo huulegeza.

Baada ya mikanda, zungusha blada mbili kwa umbo la msalaba. Ya kwanza ianzie mbele kushoto, ipite juu ya mzigo na kushuka nyuma kulia. Ya pili kinyume chake. Ivute mpaka iwe imerefuka kwa nusu ya urefu wake wa mwanzo au zaidi kidogo, na umalizie kwa kuchomeka kitanzi chini ya blada yenyewe, ili kiweze kufunguliwa kwa kuvuta ncha hata kwa mkono uliolowa.

Kisha kuna mkanda wa tatu ambao wengi huusahau. Pikipiki inapopanda Kiboswa, kila kitu kinataka kurudi nyuma. Funga mkanda mmoja unaozunguka mgongo wa mzigo kwa nyuma na kuja mbele pande zote mbili hadi kwenye vyuma vya vikanyagio vya abiria, mahali vinapoungana na chesisi. Huo ndio utakaouvuta mzigo kuja kwako.

Ncha zilizobaki zisiachwe zikipepea. Kila mtu aliyepanda bodaboda anajua leso inavyoweza kunaswa na gurudumu. Ncha ya mkanda hufanya vivyo hivyo, na ikiingia kati ya cheni na sproketi gurudumu la nyuma linaweza kukwama papo hapo. Viringisha kila ncha, ichomeke chini ya mkanda uliokaza, na uizungushie kipande kidogo cha blada.

Jaribu kabla barabara haijakujaribia

Shika mzigo kwa mikono miwili na uutikise kwa nguvu kulia na kushoto. Pikipiki nzima inapaswa kutikisika pamoja nao. Ikiwa mzigo unatikisika peke yake, rudi mwanzo bila kujionea huruma.

Halafu ikalie. Angalia nafasi iliyopo kati ya gurudumu na mzigo, kati ya ekzosi na begi. Jaza upepo gurudumu la nyuma kwa kiwango cha mzigo kilichoandikwa kwenye kitabu au kwenye kibandiko, likiwa limepoa. Shoki za nyuma zikiwa na ngazi za kurekebisha, zikaze ngazi moja au mbili, pande zote mbili sawasawa. Pima ulegevu wa cheni umekaa juu na mzigo uko mahali pake, kwa kuwa cheni hubadilika mgongo wa pikipiki unaposhuka. Taa ya mbele nayo itakuwa imeinuka. Ishushe usije ukawapofusha wanaokuja. Tena, jizoeze kupanda kwa kupitisha mguu juu ya kiti mbele ya mzigo, kwa kuwa ukiurusha nyuma kwa mazoea utapiga teke hema na kuangusha pikipiki ikiwa bado imesimama uani kwako, majirani wakitazama.

Njiani

Simama baada ya kilomita 5 tu, hata kama huoni sababu. Ukitoka mjini Nakuru hiyo ni kabla hujazoea mwendo, na karibu kila mara utapata nafasi ya kukaza mkanda kwa upana wa kidole kimoja au viwili. Simama tena Mau Summit, kisha Kericho baada ya mvua, na Ahero baada ya jua. Kwenye kila kituo cha mafuta gusa mikanda yote kwa mkono, macho hayatoshi.

Punguza mwendo kuliko kawaida yako, ongeza umbali wa kusimama, na matuta uyapite ukiwa umeinuka kidogo juu ya vikanyagio ili uzito wako usijumlike na wa mzigo kwenye gurudumu moja. Usukani ukianza kucheza, usifunge breki kwa ghafla: achia mafuta polepole, shika usukani bila kuubana, na ukisimama sogeza uzito mbele. Baada ya Shinyalu, mvua ikiwa imenyesha, nenda kwa gia ndogo na usiweke mguu chini isipokuwa umesimama kabisa.

Ukifika kambini fungua blada kwanza, kisha mkanda wa nyuma, na wa mbele uwe wa mwisho, mkono mmoja ukiwa umeshika mzigo ili pikipiki isilale upande. Mikanda na blada vitie ndani ya hema, mahali pakavu, na chakula usikiache wazi. Nyani wa msituni hawachagui begi. Na siku ya kurudi, chakula kitakuwa kimeliwa na mzigo utakuwa mdogo kuliko ulivyokuja nao, kwa hiyo usivute mikanda mpaka kwenye alama zake za jana. Ifungue yote, pakia upya, na uanze tena na goti.